Mwalimu Edina na Upepo wa Mita Arobaini

Watu wa Chilewela waliendelea kumwita Mwalimu hata baada ya darasa lake kufungwa. Kwa miaka kumi na mitatu Edina Matonya alifundisha elimu ya watu wazima ndani ya ghala la kijiji, akiwashika mikono wazee wenye vidole vigumu mpaka wakaweza kuandika majina yao wenyewe. Kisha fungu la elimu hiyo likakauka. Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akawa na kitu cha kuuza, na ghala likapangishwa kwa mfanyabiashara wa alizeti kutoka mjini. Ubao ulitolewa nje, ukaegeshwa ukutani, mchwa wakaumaliza. Edina akarudi shambani kulima uwele na karanga pamoja na mumewe Batholomeo, na Jumapili akaimba kwaya.

Juu ya mashamba yao zilipita nyaya nene za umeme, zikitoka Mtera na kupitia Dodoma kwenda magharibi. Zilivuma kutwa kucha kama nyuki walio mbali, lakini chini yake nyumba zote ziliwasha koroboi. Maji ya bwawa la Mtera yalipopungua na redio ikatangaza mgawo wa umeme mijini, wanakijiji walicheka kidogo. Wakasema wa mjini nao waonje.

Julai mwaka 1994 lori lilipanda polepole mpaka kwenye kilima kilicho nyuma ya kanisa, likiwa limebeba vipande vya chuma vyekundu na vyeupe. Nyuma yake ilikuja Land Rover. Alishuka mhandisi Elisante, Mpare mrefu mwenye miwani, mtumishi wa serikali, na pamoja naye Birgit, mwanamke wa Kidenmaki mwenye nywele fupi za mvi, aliyekuwa amejifunza Kiswahili kwao na aliyekizungumza taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Elisante akaeleza kwamba nchi saba zimekubaliana kuupima upepo kwa njia moja na kwa vipimo vya aina moja, ili matokeo yawekwe pamoja, na kila serikali ipange mambo yake ya umeme ikijua ina nini mkononi.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mazengo, alisikiliza mpaka mwisho. "Kupima upepo?" aliuliza. "Upepo si huu hapa? Fungueni midomo tu, itajaa."

Watu waliangua kicheko. Birgit naye alicheka, kisha akasema, "Mzee, sisi tunataka kujua ni kiasi gani unajaza mdomo. Kila siku. Miaka miwili."

"Nani atakaa miaka miwili akitazama upepo?"

"Tunatafuta mtu huyo," alisema Elisante. "Awe anajua kusoma na kuandika vizuri, na awe haondoki kijijini."

Vichwa vyote viligeukia upande mmoja.

Mnara ulisimamishwa kwa siku sita. Aliyeusimamisha alikuwa Athuman wa Nkuhungu, Dodoma mjini, mtu wa makamo, mwembamba, ambaye kabla ya hapo alifunga antena za redio nchi nzima na hakuwa na kawaida ya kusema sana akiwa ardhini. Ulipokamilika ulikuwa na urefu wa mita arobaini, umeshikiliwa kwa nyaya za chuma pande tatu. Kwenye mita kumi kulikuwa na vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka, na kileleni vingine vitatu kama hivyo. Chini kulikuwa na kisanduku cha kijivu chenye kidirisha cha tarakimu kilichoonyesha kasi ya upepo, mita ngapi kwa sekunde, nacho kilihesabu mizunguko na kuihifadhi kwenye kadi. Kazi ya Edina ilikuwa kusoma kidirisha mara tatu kwa siku na kuandika daftarini: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni.

"Kama kisanduku kinaandika chenyewe, mimi ni wa nini?" aliuliza.

"Mashine inaweza kufa na ikaendelea kuandika," Elisante alimjibu. "Mtu ndiye atakayejua kwamba imekufa."

Asubuhi ya nne baada ya wageni kuondoka, Edina alipanda kilimani kukiwa kumetulia kabisa. Moshi wa majiko ya kijiji ulinyooka kwenda juu kama nguzo, na pindo la kanga yake halikutikisika. Akafungua kisanduku. Mita kumi: moja nukta moja. Mita arobaini: saba nukta nne.

Akadhani kimeharibika. Akafuta kidirisha kwa kidole, akasoma tena, kisha akainua uso.

Kule juu vikombe vilikuwa vinazunguka kwa kasi mpaka havikuonekana tena kuwa vitatu. Vilikuwa duara moja jeusi linalotetemeka. Hapa chini hata jani la mti wa mtunduru halikucheza. Edina alisimama palepale, mkono kifuani. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, amezaliwa pale, amezalia pale watoto wanne, na siku zote hizo upepo mkubwa ulikuwa ukipita juu ya paa lake asubuhi tulivu kama hizi bila yeye kujua.

Kesho yake alimchukua Batholomeo. Hakumwambia wanakwenda kuona nini.

"Hapa chini kuna upepo?" alimuuliza.

"Hakuna."

"Tazama pale."

Batholomeo alitazama kwa muda mrefu, akavua kofia. "Mama Anitha," alisema kwa sauti ya chini, "nani mwingine anajua jambo hili?"

"Sisi wawili. Na kisanduku."

Tangu siku hiyo Edina hakukosa kupanda hata mara moja. Alipanda na mvua, alipanda na homa, alipanda siku ya harusi ya binti yake Anitha akiwa na gauni la sherehe. Alianza kujua tabia za upepo kama mtu anavyojua za jirani: kwamba Novemba hauna msimamo, kwamba Juni unatoka kusini mashariki na haugeuki wiki nzima, kwamba kule juu huwa na nguvu zaidi kabla jua halijapasha ardhi. Jioni wanawake walipotoka kuchota maji walimuuliza, "Mwalimu, leo umeandika ngapi?" naye aliwatajia, na wao wakapeleka habari mpaka majumbani.

Agosti ya mwaka uliofuata, wakati upepo ukiwa katika ukali wake, kidirisha kiliandika sifuri kwa mita arobaini.

Edina aliinua uso. Vikombe vya kileleni vilikuwa vimesimama, lakini nyaya za mnara zilikuwa zinapiga mbinja. Alijaza kalamu wino, akafikiri, na mahali pa tarakimu akachora kistari. Pembeni akaandika: "Vikombe vya juu vimekwama. Upepo upo, nausikia. Kiasi chake sijui."

Alimwandikia Elisante barua, akampa kondakta wa basi. Siku zikapita. Akatembea mpaka stesheni ya treni, akaomba simu, akaambiwa gari la mradi liko gereji. Kistari kikafuata kistari. Siku ya kumi na saba Athuman aliteremka kwenye treni akiwa na begi la mikanda begani, na macho mekundu kama pilipili. Alipofika chini ya mnara alikaa chini, meno yakigongana juani.

"Malaria," alisema. "Imenianzia njiani. Niache nilale kidogo, Mwalimu. Kesho nitapanda."

Edina alimgusa paji la uso. "Kesho hutapanda. Wala kesho kutwa."

"Basi tusubiri wiki."

"Agosti itakuwa imekwisha, Bwana Athuman. Huu ndio mwezi wanaoutaka."

Athuman alimtazama, akaelewa anachokusudia, akatikisa kichwa. "Hapana. Ukianguka nitamwambia nini mumeo?"

"Mume wangu huyo hapo, muulize."

Batholomeo alikuwa amesimama nyuma yao. Aliutazama mnara, akasema, "Alipanda mibuyu mingi kuliko mimi tulipokuwa wadogo. Mfundishe vizuri tu."

Edina alirudi nyumbani, akavaa suruali ya mumewe, ya kwanza kuivaa maishani, akaibana kiunoni kwa kamba. Aliporudi nusu ya kijiji ilikuwa imekaa mteremkoni. Athuman, amejifunika blanketi, alimfunga mkanda mwenyewe na kumwonyesha ndoano zake mbili.

"Moja inafunguka wakati nyingine imeshika. Zote mbili kwa pamoja, kamwe. Nirudishie maneno."

"Moja inafunguka nyingine imeshika. Zote mbili, kamwe."

"Usitazame chini mpaka nikuambie. Ukichoka, jining'inize kwenye mkanda, pumzika. Mnara hauna haraka."

Akapanda. Mpaka mita kumi vumbi la ardhini lilikuwa bado linamfuata, likimwingia machoni na mdomoni. Alisimama kwenye vikombe vya chini, akavipita. Kwenye mita ishirini vumbi likaisha, ghafla, kama mtu aliyetoka chumba chenye moshi. Kwenye thelathini chuma kilianza kutetemeka chini ya viganja vyake, na sauti za watu zikapotea. Alisali kwa Kigogo, lugha waliyotumia yeye na mama yake kusali, akafungua ndoano, akafunga, akafungua, akafunga.

Kileleni aliona kilichovikwamisha vikombe. Nyigu alikuwa amejenga kiota cha udongo pale vikombe vinapoungana na mhimili wake, kikiwa kimekauka na kuwa kigumu kama kipande cha tofali, na nyigu mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Edina alishika bisibisi aliyofungiwa kwenye kifundo cha mkono, akakwangua. Udongo ulitoka vipande vipande na upepo ukaupokea. Kipande cha mwisho kilipoanguka, kikombe kimoja kilitikisika mbele ya uso wake, kikasogea, kikajivuta, na kwa kufumba na kufumbua vyote vitatu vikaanza kukimbia vikivuma karibu na sikio lake.

Sauti ya Athuman ilimfikia ikiwa imekatikakatika. "Mwalimu! Umemaliza?"

"Nimemaliza!"

"Basi shuka!"

"Bado!"

Maana alikuwa ametazama. Aliona reli nzima kutoka mashariki mpaka inapopotea magharibi, na juu yake treni ya mizigo isiyo na sauti. Aliona milima ya mawe ambayo maisha yake yote alidhani ndiyo mwisho wa nchi yao, na nyuma yake milima mingine, na nyuma ya hiyo mingine tena ya buluu. Aliona mbuga za Bahi zikiwa nyeupe, na minara ya umeme ikienda mmoja baada ya mwingine, imeshikana nyaya, mpaka ukungu. Nyumba yake ingeweza kufunikwa kwa ncha ya kidole. Na katikati ya yote hayo upepo ulikuwa unapita, wa baridi, safi, bila kukatika, ukimwegemea mgongoni kama kiganja kikubwa. Miaka yote upepo kwake ulikuwa adui: vumbi kwenye unga, macho mekundu ya watoto, paa la jirani shambani. Huu hakuujua. Huu haukuwa na vumbi hata chembe. Machozi yalimtoka, nao ukayakausha hapohapo.

Alikaa juu mpaka treni ikapotea magharibi. Alipokanyaga ardhi wanawake walipiga vigelegele, na Athuman, akiwa amelala ubavu, akasema, "Umenitia homa nyingine mimi." Edina alifungua mkanda, akamrudishia. Jioni ile alisoma kidirisha: tisa nukta mbili. Aliandika tarakimu hiyo taratibu, kwa mwandiko wake bora.

Mwezi mmoja kabla ya mkutano wa nchi saba kufanyika Dodoma, alikuja mtaalamu aliyeajiriwa kuandaa ripoti ya kituo cha Chilewela. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka. Alilifunua daftari mpaka Agosti.

"Mama, haya mapengo yanaharibu mchoro. Upepo wa Agosti unaujua, si ndiyo? Weka saba, weka nane, zipishane kidogo. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," alisema Edina.

"Ni siku kumi na saba tu kati ya mia saba."

"Ndiyo. Zile nyingine utaziamini kwa sababu hizi nimeziacha."

Mtaalamu alimgeukia Elisante, aliyekuwa ameketi mlangoni. Elisante alivua miwani, akaifuta, akasema, "Daftari ni la Mwalimu. Liache lilivyo."

Juni 1996 Elisante alimpeleka Dodoma kwa Land Rover. Katika ukumbi wa mkutano kulikuwa na wageni wa nchi saba, wataalamu wa chuo kikuu, watumishi wa Bunge waliovaa suti, na taa nyingi kuliko alizowahi kuona mahali pamoja. Edina aliketi mstari wa nyuma, daftari mapajani. Taa zikapunguzwa, na ukutani ikatokea mistari saba ya rangi ikipanda na kushuka, kila mmoja ukiwa ni upepo wa nchi moja kwa miaka miwili. Wa kijani ulikuwa na maandishi madogo: Chilewela.

Aliusoma mwandiko huo kana kwamba ni wake. Mwezi baada ya mwezi aliutambua mstari: huu Novemba unaoyumba, huu Juni ulionyooka, hapa ni wiki ya harusi ya Anitha. Nyayo zake zote za kupanda kilima zilikuwa pale ukutani, karibu na upepo wa watu asiowafahamu, na mistari hiyo ilikaa pamoja bila aibu, hakuna mdogo hakuna mkubwa.

Mgeni mmoja alinyoosha mkono akauliza, kwa Kiingereza, kwa nini mstari wa kijani umekatika. Elisante alinong'ona tafsiri. Kabla hajamaliza Edina alikuwa amesimama.

"Naomba niseme," alisema, na ukumbi ukageuka. "Vikombe vya juu vilikwama siku kumi na saba. Kisanduku kiliandika sifuri. Mimi niliandika kistari. Sifuri maana yake upepo haukuwepo. Kistari maana yake mimi sijui. Upepo ulikuwepo, nilisikia kwenye nyaya, lakini ulikuwa kiasi gani sikujua, na hata leo sijui."

Elisante alitafsiri. Kisha Birgit, aliyekuwa meza ya mbele, alianza kuandika kwa haraka, na mwenyekiti wa kikao akaomba vituo vingine vyote viulizwe kama sifuri zao ni sifuri kweli.

Wakati wa chai mtu mnene mwenye masharubu meupe alimjia. Alikuwa Bwana Fathi, Mmisri, mhandisi sasa, lakini ambaye alianza kazi akiwa msomaji wa mnara kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Hakujua Kiswahili, Edina hakujua Kiarabu. Alitoa mkobani daftari kuukuu, akalifungua juu ya meza katikati ya vikombe vya chai. Tarakimu zake zilikuwa za Kiarabu, na Edina hakuzisoma, lakini safu alizitambua: saa, chini, juu.

Bwana Fathi aliweka kidole kwenye safu ya kwanza. "Saa."

"Saa!" alisema Edina, akashtuka.

"Dakika."

"Dakika."

Mzee alionyesha dari, akazungusha kidole. "Hawa."

"Hewa," alisema Edina taratibu. Akajigusa kifua, akavuta pumzi. "Hewa."

Kisha Bwana Fathi akafunua ukurasa uliojaa nukta ndogo kuanzia juu mpaka chini. Aligusa nukta hizo moja moja, uso umesawijika. "Sifr," alisema. "Sifr, sifr, sifr." Akatikisa kichwa. Akachukua kalamu ya Edina na juu ya nukta mojawapo, ukurasa wa miaka kumi na minne iliyopita, akachora kistari. Akamtazama kama mwanafunzi anayesubiri alama.

Edina akaweka mkono juu ya mkono wa mzee yule. "Ndiyo," alisema. "Hivyo."

Mwaka uliofuata Elisante alileta Chilewela rasimu ya sera ya nishati iliyokuwa ikijadiliwa. Kurasa zilikuwa nyingi. Upepo ulikuwa na aya moja. Edina aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Aya moja tu, Mwalimu," alisema Elisante, kwa haya.

"Aya moja. Nilipoanza hapakuwa na hata neno." Akarudi juu, akaisoma mara ya tatu, akamsomea Batholomeo kwa sauti.

Chilewela hapakujengwa mitambo ya upepo. Mvua kubwa za mwisho wa 1997 zilijaza mito yote, mgawo wa umeme ukaisha, na pamoja nao haraka ya watu. Mwaka uliofuata, njia zilipokauka, mnara ulifunguliwa kipande kimoja kimoja ili upelekwe nyanda za juu za Iringa, na Edina akaombwa aende kuwafundisha wasomaji wapya. Siku ya kuondoka wanakijiji walisimama mteremkoni wakitazama kilima kilivyobaki kitupu.

Lori lilifika Mtera mchana. Athuman alisimamisha gari kabla ya kuvuka, wakashuka yeye, Elisante na Edina. Edina alilijua bwawa lile kwa kutajwa redioni tu, siku zote likiwa limepungua. Sasa maji yalikuwa yamefika ukingoni, yametanda mpaka macho yanapokoma, na kwenye milango ya bwawa yalikuwa yanaruka kwenda chini kwa ngurumo iliyotikisa kifua. Manyunyu yaliwafikia walipo, yakawalowanisha nyuso. Edina alishika ukuta kwa mikono miwili. Aliyatazama kwa kitambo kirefu, kama alivyotazama siku ile ya mnara.

"Maji yakiwa hivi," Elisante alipaza sauti, "nani atauliza habari za upepo?"

Edina alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Watauliza yakipungua," alisema. "Twende, Bwana Elisante. Wasije wakatukuta hatujamaliza kupima."

Athuman alikwishakaa kwenye usukani. Walivuka bwawa polepole, vyuma vyekundu na vyeupe vikigongana nyuma yao, wakaanza kuupanda mlima wa upande wa pili. Kabla ya mwaka kwisha Edina alikuwa amefundisha wasomaji sita katika vituo vitatu, na kila mmoja alimpandisha mnara kwanza, kabla hajamkabidhi daftari.